Shabunda: Robert Noyce, mtoto wa mchungaji aliyegeuza mchanga kuwa ubongo wa kompyuta

Kompyuta ya mezani iliyochoka haifi kwa siku moja. Inaanza kuwaka polepole, kisha kufungua barua moja kunachukua dakika nyingi, na mwishowe mwenyewe anaiweka pembeni akitafuta pesa ya kununua nyingine. Lakini fundi mzuri anajua kwamba mara nyingine mashini nzima haina ubaya. Anafungua sanduku, anatoa kipande kimoja kidogo kinachoenea kwenye kiganja, yaani prosesa, anaweka kingine chenye nguvu zaidi, na mashini inarudi kazini kwa miaka mingine.

Kwa mtu wa Bukavu, hiyo ni njia ya kupunguza gharama. Kwa mtu wa Shabunda, ni zaidi ya hapo. Katika mtaa huu mkubwa wa Kivu Kusini, vitu vingi vinafika kwa ndege ndogo ao kwa barabara ambayo mvua inaifunga mara kwa mara, na kila kilo inalipiwa. Kubeba prosesa mfukoni na kubeba kompyuta nzima ni mambo mawili tofauti kabisa.

Ubongo wote wa mashini kukaa ndani ya kipande kimoja, kinachotoka na kuingia, si jambo lililokuwepo tangu mwanzo. Lilitokana na kazi ya watu wengi, na katikati yao alisimama Mmarekani Robert Noyce, aliyefariki mwaka wa 1990. Maisha yake yanawahusu watu wa Shabunda kwa sababu mbili: wanatumia matunda ya kazi yake, na madini ya udongo wao ni ya aina zinazohitajika ndani ya vipande hivyo.

Utoto kati ya mashamba

Robert Norton Noyce alizaliwa tarehe 12 Desemba 1927 katika mji wa Burlington, jimbo la Iowa, eneo la wakulima wa mahindi na wafugaji wa nguruwe katikati ya Marekani. Baba yake, Ralph Noyce, alikuwa mchungaji wa kanisa, na Robert alikuwa wa tatu kati ya watoto wanne, wote wavulana. Familia ilihamahama kufuata kazi ya kanisa, mpaka ikakaa katika mji mdogo wa Grinnell. Pesa haikuwa nyingi nyumbani.

Mwaka wa 1940, Robert akiwa na miaka 12, yeye na kaka yake Gaylord walitengeneza ndege ndogo isiyo na injini, na wakajaribu kuirusha kutoka juu ya paa la zizi la farasi la chuo cha mji huo. Baadaye alijitengenezea redio. Kisha alichukua mota ya mashini ya kufulia iliyozeeka, akaifungia pangaboi na kuiweka nyuma ya kigari chake cha kuteleza juu ya theluji, ili kimsukume. Kitu ambacho watu wa nyumbani walikuwa wamekwisha kukitupa kilipata kazi ya pili mikononi mwake.

Aliingia chuo cha Grinnell kusoma fizikia na hesabu. Mwaka wa 1948 masomo yake yalikaribia kuvunjika. Wanafunzi walikuwa wanaandaa karamu, na Noyce akaenda kuiba nguruwe kwa mkulima wa jirani. Katika Iowa jambo hilo halikuwa mchezo wa vijana. Mtu wa Bushi anayejua uzito wa kuiba ng'ombe ataelewa haraka. Kijana angeweza kufikishwa mbele ya sheria na kufukuzwa chuoni moja kwa moja. Mwalimu wake wa fizikia, Grant Gale, alikuwa kati ya wale waliomwombea. Adhabu ikapunguzwa: akasimamishwa kwa nusu mwaka wa masomo, akaenda New York kufanya kazi ya mahesabu katika kampuni ya bima, kisha akarudishwa darasani.

Gale alimsaidia kwa njia nyingine pia, iliyobadilisha maisha yake. Mwishoni mwa mwaka wa 1947, watafiti wa maabara ya Bell walikuwa wamevumbua transista, kipande kidogo kinachoweza kufunga, kufungua na kuongeza nguvu ya umeme, kikichukua nafasi ya zile balbu kubwa za kioo zilizokuwa ndani ya redio na kompyuta za wakati huo. Mmoja wa wavumbuzi, John Bardeen, alifahamiana na Gale. Kwa njia hiyo mwalimu wa chuo kidogo katikati ya mashamba alipata transista mapema, akaziweka mbele ya wanafunzi wake. Noyce alizichunguza wakati vyuo vikubwa vingi bado vilikuwa havijaanza kuzifundisha.

Wanane waliondoka

Alimaliza Grinnell mwaka wa 1949, akapata udaktari wa fizikia katika chuo cha MIT mwaka wa 1953, na katika mwaka huohuo akamwoa Elizabeth Bottomley. Walizaa watoto wanne kabla ya kutengana katika miaka ya 1970. Baada ya miaka michache ya kazi katika kampuni ya Philco huko Philadelphia, mwaka wa 1956 aliitwa California na William Shockley, mmoja wa wavumbuzi watatu wa transista. Katika mwaka huo Shockley alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Bardeen na Walter Brattain.

Shockley alikuwa na akili nyingi, lakini kukaa chini yake kulikuwa kugumu. Aliwashuku wafanyakazi wake na kubadilisha mipango bila kuwasikiliza. Mwaka wa 1957, vijana wanane wa maabara yake waliondoka pamoja. Noyce alikuwa wa mwisho kukubali, naye ndiye aliyekuja kuwa kiongozi wao. Kwa msaada wa mtafuta mitaji Arthur Rock, walipata pesa kwa tajiri Sherman Fairchild, wakaanzisha kampuni ya Fairchild Semiconductor.

Kila kitu katika jiwe moja

Shida ya wakati ule ilikuwa hii. Transista zilikuwa zimekuwa ndogo na nzuri, lakini kila moja ilitengenezwa peke yake, ikakatwa, kisha ikaunganishwa na nyingine kwa waya. Kazi hiyo ilifanywa kwa mikono, wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakiangalia katika darubini ndogo. Mashini yenye transista maelfu ilihitaji viungo maelfu mengi, na kiungo kimoja kikiachia, mashini yote inasimama. Kadiri kompyuta ilivyotakiwa kuwa na nguvu, ndivyo ilivyozidi kuharibika.

Mwaka wa 1958, Jack Kilby wa kampuni ya Texas Instruments alionyesha kwamba sehemu mbalimbali za mzunguko wa umeme zinaweza kukaa katika kipande kimoja. Kipande chake kilikuwa cha madini ya jerimani, na sehemu zake bado ziliunganishwa kwa waya nyembamba kutoka nje. Huko Fairchild, Jean Hoerni, mmoja wa wale wanane, alikuwa amepata njia ya kutengeneza transista iliyo bapa, iliyofunikwa na tabaka ya kuikinga. Mwanzoni mwa mwaka wa 1959, Noyce aliongeza wazo lake juu ya kazi ya Hoerni: badala ya waya, mistari myembamba ya chuma ichapwe moja kwa moja juu ya tabaka hiyo, na transista pamoja na njia zake za umeme zizaliwe kwa mara moja ndani ya jiwe moja la silikoni. Mkono wa mtu hauhitajiki tena kuunganisha kila kiungo.

Noyce alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka wa 1961. Kampuni hizo mbili zilishindana mahakamani kwa miaka, lakini mwaka wa 1966 zilikubaliana kutumia kila moja haki za mwenzake. Leo watu hao wawili wanahesabiwa kuwa wavumbuzi wa kitu kimoja.

Silikoni inatoka katika mchanga. Haina uhaba kama dhahabu, wala haichimbwi kwa kushuka katika mashimo marefu. Mchanga unapatikana kila mahali, hata kando ya mto Ulindi. Kilichougeuza kuwa mali ni ujuzi wa kuusafisha, kuuchora na kuupanga.

Uvumbuzi peke yake haukutosha. Vipande vya kwanza vilikuwa ghali, na wanunuzi wakubwa walikuwa jeshi na mradi wa Apollo wa kupeleka watu mwezini. Katikati ya miaka ya 1960 Noyce alikata shauri lililowashangaza wenzake: kuuza vipande kwa bei iliyo chini ya gharama ya kuvitengeneza. Alihesabu kwamba bei ndogo italeta wanunuzi wengi, na kutengeneza vingi kutashusha gharama. Ikawa hivyo. Shauri hilo ni moja ya sababu kompyuta zilitoka katika ofisi za serikali na kufika kwenye meza za watu wa kawaida.

Intel na ubongo wa kazi zote

Mwezi wa Julai 1968, Noyce aliondoka tena, safari hii pamoja na Gordon Moore, mwenzake tangu wakati wa Shockley. Arthur Rock aliwakusanyia dola milioni 2,5 na kampuni mpya ikaitwa Intel. Chuo cha Grinnell, kilichokuwa kimemwadhibu kwa sababu ya nguruwe, kilikuwa kati ya walioweka pesa za mwanzo, na kilipata faida kubwa.

Ndani ya Intel, Noyce hakutaka alama za ukubwa. Hakukuwa na nafasi ya gari iliyowekewa wakubwa, na meza yake ya kazi ilikuwa ya kawaida. Mfanyakazi kijana aliweza kumfikia na wazo lake. Tabia hiyo ilileta matunda mwaka wa 1969, wakati kampuni ya Kijapani Busicom ilipoomba vipande vingi tofauti kwa ajili ya mashini zake za kupigia hesabu. Mhandisi Ted Hoff aliona kwamba kuna njia nyepesi zaidi: kutengeneza ubongo mmoja wa kazi zote, ambao unafuata maagizo ya programu. Ukibadilisha programu, kipande kilekile kinafanya kazi nyingine. Wazo hilo halikuwa katika mpango wa Intel, lakini Noyce alimpa Hoff nafasi ya kuendelea.

Hoff alilifanyia kazi pamoja na Stanley Mazor na Masatoshi Shima wa Busicom, na Federico Faggin, mzaliwa wa Italia, akaongoza uchoraji wa kipande chenyewe. Tarehe 15 Novemba 1971, Intel ilitangaza prosesa 4004, yenye transista 2 300 ndani ya jiwe moja dogo kuliko ukucha wa kidole. Mwaka wa 1978 ikaja prosesa 8086, na mwaka wa 1981 kampuni ya IBM ikachagua ndugu yake, 8088, kwa kompyuta yake ya mezani. Kompyuta nyingi za mezani zilizotengenezwa tangu wakati huo zina prosesa za ukoo wa 8086, zinazoendelea kuelewa maagizo ya wazee wao. Ndiyo sababu fundi anaweza kutoa prosesa ya zamani, akaweka mpya zaidi, na kwa kawaida programu na kazi za mwenye mashini zikabaki mahali pake.

Wakati wa kubadilisha

Hata hivyo, si kila prosesa inaingia katika kila mashini. Jambo la kwanza ni kiti chake juu ya karte mere, ule ubao mkubwa unaobeba vipande vyote. Mfano unaojulikana ni kiti cha LGA 775, kilichotoka mwaka wa 2004. Kilianza na Pentium 4, kikapokea Pentium D, kisha Core 2 Duo ya mwaka wa 2006, na hata Core 2 Quad. Lakini kiti kufanana hakutoshi. Karte mere yenyewe lazima iwe imetengenezwa kukubali prosesa hiyo, na mara nyingine inabidi kwanza kuiwekea toleo jipya la BIOS, programu inayoiamsha mashini. Orodha ya prosesa zinazokubaliwa hutolewa na mtengenezaji wa karte mere, na inafaa kuiangalia kabla ya kutoa pesa.

Jambo la pili ni umeme na joto, na hapa mtu wa Shabunda anayetegemea jenereta ao sahani za jua anapaswa kuwa makini. Pentium D zilikadiriwa kwa wati 95 mpaka 130. Core 2 Duo za kwanza za mezani zilikadiriwa kwa wati 65, na zilifanya kazi kwa haraka zaidi. Kubadilisha kunaweza basi kupunguza mafuta yanayoteketea. Lakini mwenye kukimbilia prosesa kubwa kuliko zote anaweza kurudisha matumizi juu na kuchosha alimentation ya mashini.

Kazi yenyewe inataka utulivu. Umeme unakatwa kabisa, fundi anagusa chuma cha sanduku ili kutoa umeme wa mwilini, vantilatere inafunguliwa, dawa ya zamani ya kupitisha joto inapanguswa, na mpya inawekwa kidogo tu. Katika LGA 775, miguu midogo iko ndani ya kiti, na mguu mmoja ukipinda, karte mere inaweza kupotea. Tena, kabla ya kununua prosesa, inafaa kuuliza kama shida si memori ndogo ao diski iliyochoka. Mara nyingi kuongeza memori na kuweka diski ya SSD ndiko kunakoonekana haraka.

Jiwe la Noyce na mawe ya Shabunda

Prosesa si mchanga peke yake. Bati, inayotoka katika kasiterite, ndiyo inayoshikisha vipande kwenye karte mere. Dhahabu inapakwa mahali prosesa inapogusana na kiti, kwa sababu haishiki kutu. Tantali, inayotoka katika koltani, imo katika kondansatere ndogo, na tangu mwisho wa miaka ya 1990 inatumika pia ndani ya jiwe lenyewe kuzuia shaba isiingie mahali pasipofaa. Kasiterite, koltani na dhahabu, zote tatu zinachimbwa katika mtaa wa Shabunda.

Njia za watu hawa wawili, mvumbuzi na mchimbaji, zilikwenda pembeni kwa miaka mingi bila kukutana. Mwaka wa 1976, wakati prosesa za Intel zilipokuwa zinaanza kuenea, kampuni za migodi za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Mwaka wa 1985 bei ya bati ilianguka duniani, na katika miaka iliyofuata kazi ikaachwa mikononi mwa wachimbaji wa kienyeji. Mwaka wa 2000 bei ya koltani ilipanda ghafula, katikati ya vita, na wenye silaha wakaipigania.

Mwaka wa 2010, Marekani ilipitisha sheria inayolazimisha kampuni kueleza kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu wanazotumia zinatoka Kongo ao inchi jirani. Katika mwaka huohuo serikali ya Kongo ilisimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema kwa miezi kadhaa, na familia nyingi zilizoishi kwa migodi zilikosa mapato. Mwezi wa Januari 2014, Intel, kampuni ambayo Noyce alikuwa ameianzisha, ilitangaza kwamba prosesa zake hazitumii madini yanayofaidisha makundi ya silaha. Mfuko wenye alama ya kufuatilia, unaotoka mgodini kwenda kwa mnunuzi, ni sehemu ya historia hiyo.

Mwisho wake

Noyce hakuishi kuyaona hayo. Aliacha uongozi wa kila siku wa Intel mwaka wa 1975, akapewa nishani ya taifa ya sayansi mwaka wa 1979 na ile ya teknolojia mwaka wa 1987. Mwaka wa 1988 alikubali kuongoza Sematech, muungano wa viwanda na serikali huko Austin, Texas, uliotaka kurudisha nguvu za Marekani mbele ya Wajapani. Tarehe 3 Juni 1990, baada ya kuogelea asubuhi, moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 62. Mwaka wa 2000 Kilby alipewa Tuzo ya Nobel kwa uvumbuzi wao. Nobel haipewi marehemu, na jina la Noyce halikuwa katika orodha.

Kabla ya Intel na mamilioni ya dola, kulikuwa na mwalimu wa mji mdogo aliyejitahidi kupata vipande vichache vya transista ili wanafunzi wake wavione kwa macho. Shabunda inatoa madini tangu muda mrefu, na yanaondoka yakiwa bado mawe, wakati kinachorudi ni mashini zilizotumika mahali pengine. Mashini hizo zikifika zimechoka, bado zina faida moja zaidi ya kuandikia barua. Sanduku likifunguliwa mbele ya vijana, prosesa ikatolewa na kurudishwa, wanaona kwa macho mahali ambapo bati, dhahabu na tantali ya aina ile wanayoichimba inakwenda kukaa, na kiasi kidogo sana cha kila moja kinachohitajika ili kitu kiuzwe kwa bei kubwa.